Kamba ya Hewa: Shajara ya Mradi wa Viola Spolin

Jumapili, 12 Januari 2025

Nafungua shajara hii mradi ukiwa bado mbichi, ili niandike mambo yalivyokuwa, si nitakavyoyakumbuka baadaye. Kazi yenyewe ni kijitabu cha Kiswahili, kurasa 40 hivi, juu ya maisha na kazi ya Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa hapa Chicago. Alizaliwa 1906 katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Urusi, akafariki 1994 huko Los Angeles. Katikati ya miaka hiyo alibuni michezo ambayo leo walimu wengi wa maigizo wanaitumia bila hata kujua imetoka kwa nani. Kitabu chake sikitafsiri, kina wenyewe. Naandika habari zake, na michezo michache nitaieleza kwa maneno yangu baada ya kuicheza.

Nitaicheza na watoto wa mtaani kwetu, kaskazini mwa jiji. Wengi ni Wakongo wa Kivu Kusini, ingawa Kongo yenyewe hawajaiona: wamezaliwa kambini Nyarugusu, kule Kigoma. Wapo Warohingya, Waislamu waliokimbia Myanmar, na wapo ndugu wawili Wasyria. Kwa hiyo chumbani mna Kiswahili, Kibembe, Kirohingya, Kiarabu, na Kiingereza cha shuleni ambacho kila mmoja anacho cha kwake.

Siku ya mazoezi ilitusumbua. Ijumaa ni ya msikitini. Jumamosi ni Sabato ya bibi jirani yangu wa ghorofa ya pili, na bila yeye mradi huu usingekuwepo. Jumapili asubuhi Wakongo wako kanisani mpaka saa nane. Tukabaki na Jumapili saa tisa alasiri.

Bibi huyo ni Myahudi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mwaka jana alinikuta ukumbini nikiwakaririsha watoto igizo la mandhari ya kijijini, sauti imenikauka. Hakusema kitu. Kesho yake alinishushia kitabu kilichokatika mgongo, Improvisation for the Theater, kilichotolewa na Northwestern University Press mwaka 1963. Michezo iliyomo ni zaidi ya 200. Pembeni mwa kurasa bibi ameandika kwa penseli tarehe alizoicheza na darasa lake.

Jumatano, 15 Januari

Sura ya kwanza: nyumba ya Hull House. Naona lazima nianzie hapo, kabla hata ya kumtaja Viola, maana msomaji asipoielewa nyumba hiyo hatamwelewa mwalimu huyu.

Hull House ilifunguliwa 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, kwenye barabara ya Halsted, upande wa magharibi wa jiji. Haikuwa shule, wala kanisa, wala ofisi ya kugawa misaada. Wanawake waliosoma walihamia wakaishi katikati ya wahamiaji maskini, wakawa majirani zao, na kutoka kwenye ujirani huo vikazaliwa chekechea, madarasa ya jioni, karakana, bendi na ukumbi wa maigizo. Majengo yaliongezeka mpaka yakafika 13. Waliowazunguka walikuwa Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na wengine wengi, na soko la Wayahudi la Maxwell Street lilikuwa mwendo wa miguu tu. Benny Goodman, ambaye baadaye alitikisa Marekani nzima kwa klarineti yake, alikuwa mtoto wa fundi cherehani Myahudi aliyepiga katika bendi ya watoto ya hapo. Addams alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931.

Viola aliingia hapo 1924, msichana wa miaka 17, kusoma kwa Neva Boyd, na akakaa mpaka 1927. Boyd alikuwa akifundisha watu wa kuongoza vikundi: michezo ya jadi, ngoma za asili, hadithi, maigizo. Kwake mchezo haukuwa mapumziko baada ya somo. Mtoto akiingia mchezoni anakubali kanuni kwa hiari yake, na kanuni ile inamfinyanga bila mtu kumhubiria. Anayecheza kukimbizana hafundishwi kukwepa, anakwepa.

Nimeandika kurasa tano. Nimefuta mbili zilizokuwa juu ya Addams peke yake. Ni mtu mkubwa, lakini kijitabu si chake.

Jumapili, 19 Januari

Leo tumecheza mchezo wa kwanza kabisa kitabuni. Nataka kuueleza taratibu, maana naamini mafundisho yote ya Viola yamo humo.

Nilipanga nusu ya watoto mbele, mstari mmoja, nusu wakakaa. Nikawaambia waliosimama: ninyi mtatutazama sisi, sisi tutawatazama ninyi. Basi. Sikutoa neno jingine.

Sekunde kumi za mwanzo walicheka. Kisha vicheko vikaisha na mateso yakaanza. Mmoja alivuta mikono ya sweta mpaka vidole vikapotea. Mwingine alisimama kwa mguu mmoja, akabadilisha, akabadilisha tena. Mvulana wa miaka tisa, Mkongo, mjanja na mwenye maneno mengi kuliko wote, aligeuka akatazama ukuta. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kama ametoka mbioni. Mimi nilikaa kimya, ingawa roho iliniuma.

Halafu nikasema: hesabuni vigae vya dari.

Kila kitu kikabadilika. Mabega yakashuka. Mikono ikatoka kwenye sweta. Mvulana wa ukutani aligeuka, akainua uso, midomo ikawa inachezacheza na namba. Binti Mrohingya, ambaye tangu aje hajawahi kusimama mbele ya watu, alikosea hesabu, akarudia kutoka pembeni, kidole juu. Wote walikuwa bado mbele ya hadhira ileile, chini ya macho yaleyale, lakini sasa walikuwa na jambo la kushika.

Tukabadilishana zamu, kisha nikawauliza: mwanzoni mwili ulikuwaje? Tumbo linauma. Miguu mizito. Uso unawaka. Na mlipohesabu? Kimya kidogo, kisha yule wa ukutani akasema, "Nilisahau kama mko hapo."

Woga wa jukwaani mimi nilizoea kuutibu kwa kumpa mtoto moyo: usiogope, wewe ni hodari, tunakupenda. Viola aliona kwamba maneno hayo yote yanamrudisha mtoto kwenye nafsi yake, palepale panapouma. Alichofanya ni kumpa kazi. Vigae tu, na kazi ya kuvihesabu.

Jumanne, 28 Januari

Nimemaliza rasimu ya sura ya pili, miaka ya WPA. Hili lilikuwa shirika la serikali lililoanzishwa 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kuwapa watu ajira: barabara, madaraja, maktaba, na pia sanaa na burudani za mitaani. Viola alikuwa msimamizi wa maigizo katika mradi wa burudani wa WPA hapa Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 mpaka 1941.

Hapo ndipo michezo ilipozaliwa, na sababu yake ni ya kawaida mno. Mbele yake walikuwa watoto na watu wazima wa makabila na lugha mbalimbali, wengi hawajawahi kuingia kwenye ukumbi wa maigizo. Mafunzo ya uigizaji ya kawaida yalidai mtu ajue kusoma mswada, ajue istilahi, aelewe mhadhara. Viola alihitaji njia inayovuka ukuta wa lugha na mila, akarudi kwa yale aliyoyapata kwa Boyd. Kila tatizo la jukwaani akaligeuza mchezo wenye kanuni moja iliyo wazi. Waigizaji hawasikilizani? Usiwaambie wasikilizane. Wape mchezo ambao hauwezi kuchezeka bila kusikilizana.

Jumapili, 2 Februari

Kioo, na kuvuta kamba.

Kioo kinajulikana: wawili wanatazamana, mmoja anasogea, mwenzake ni taswira yake. Mimi nilidhani ni mchezo wa kuiga tu. Nilipofuata maelekezo, nikaona safari ndefu iliyo ndani yake: A anaongoza, kisha B, kisha mnabadilishana haraka zaidi na zaidi, mpaka mwishoni hakuna kiongozi na mikono bado inakwenda. Ndugu wawili Wasyria walifika huko. Dakika nzima hakuna aliyeweza kusema nani anamfuata nani.

Kamba ilikuwa shughuli nyingine. Timu mbili, kamba ya hewa, vuta. Mara ya kwanza kila upande ulivuta na kila upande ulishinda. Kamba imekuwa mpira. Nikaita toka pembeni: "Kamba ni moja! Itazame kamba!" Wakaanza tena. Safari hii upande mmoja uliposogea nyuma, mwingine uliburutwa kweli, viatu vikilia sakafuni, na wale waliokaa wakainuka kushangilia. Nilimwona mvulana wa nyuma kabisa akijizungushia ncha ya kamba kiunoni, kama wanaume wanavyofanya kwenye kuvuta kamba halisi. Hakuna aliyemfundisha.

Jumapili, 9 Februari

Jengo lililotuahidi ukumbi limetugeuka asubuhi hiihii. Watoto 14 walikuwa tayari mlangoni na theluji kwenye kofia. Tumecheza kwenye kibaraza cha ghorofa ya chini ya nyumba tunayoishi, kati ya masanduku ya barua na ngazi. Hasira nilikuwa nayo, lakini michezo hii haitaki jukwaa, wala mavazi, wala taa. Tulirushiana mpira wa hewa: mwepesi, mzito, wa moto. Mzee mmoja aliyeshuka kutupa taka alisimama na mfuko wake mkononi, akaukwepa mpira.

Alhamisi, 13 Februari

Istilahi zimenikalia kooni wiki nzima. Naandika maamuzi yangu ili nisiyumbe.

Uigizaji wa papo kwa papo: hili limeshazoeleka, linabaki.

Lile neno kuu la Viola, ambalo mwanzoni aliliita kituo cha kuelekeza fikra na baadaye akalifupisha. Nilijaribu "umakini", nikaliacha. Umakini ni tabia ya mtu, na yeye hakuwa akisema habari za tabia. "Lengo" nalo linaelekeza mbele, kwenye ushindi, kwenye kumaliza. Yeye anazungumzia kile ambacho akili na mwili vinakishika sasa hivi: vigae, kamba, sauti ya mwenzako. Watoto walinitangulia. Kabla ya kila mchezo wanauliza, "Mwalimu, leo tunashika nini?" Basi kijitabuni litakuwa "la kushika".

Maneno ya mwalimu anayoyatupa mchezo ukiendelea, wachezaji wakiyafuata bila kusimama wala kumgeukia: "mwito wa pembeni". Kila aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa mpira anaujua. Kocha haingii kupiga mpira, wala hawasimamishi wachezaji awahutubie. Anaita neno moja, na mchezaji analipokea miguuni.

Kuonyesha badala ya kueleza: "onyesha, usitangaze".

Na mzizi wa yote, jambo alilolipiga vita maisha yake yote: mtu kuishi kwa kutegemea aambiwe amefanya vizuri au vibaya. Nimeandika "sifa na lawama", kwa pamoja, kama kitu kimoja. Yeye aliviona hivyo: pande mbili za kamba ileile inayomfunga mtoto kwa mwalimu wake.

Jumapili, 23 Februari

Tumepewa ukumbi mwingine, mdogo, wenye joto. Leo mchezo ni "Wapi": ingia mahali patupu, utuonyeshe uko wapi kwa vitu unavyovigusa. Hakuna kusema.

Binti wa miaka kumi na moja, mzaliwa wa Nyarugusu, aliomba kwenda wa kwanza. Nilitarajia afungue bomba. Hakufungua bomba. Alisimama, akaweka kitu chini, akangoja. Akakisogeza kwa mguu, hatua moja. Akangoja. Akamtazama mtu aliyekuwa mbele yake, kwa jicho la kumpima kama ataruka zamu. Akasogeza tena. Watoto watatu waliokaa walitoa mguno uleule kwa pamoja, walishaijua foleni.

Zamu yake ilipofika aliinama, akakinga. Alitazama maji yakipanda ndani ya ndoo. Macho yake yalipanda nayo. Akafunga. Kisha akafungua kitenge kiunoni, akakikunja urefu, akakizungusha kwenye kiganja, mizunguko mitatu, akaingiza ncha ndani, akaiweka ngata kichwani na kuipapasa ikae. Hewa tupu, lakini ningeweza kusema kitenge kile kilikuwa na unene gani.

Akachuchumaa, akashika ndoo, na akakwama. Ndoo ilikuwa imejaa, na maji ya ndoo iliyojaa yanataka mtu wa kukutwisha. Alitazama kulia na kushoto. Mvulana Mrohingya, aliyekulia kambi za wakimbizi za Cox's Bazar huko Bangladesh, ambaye Kiswahili hajui hata neno moja, aliinuka bila kuitwa, akakunja magoti, akashika upande wa pili. Waliinua pamoja. Mishipa ya shingo ilimsimama. Ndoo ilipokaa, mvulana alirudi nyuma akajifuta viganja kwenye suruali, na binti akaondoka, shingo imenyooka, mkono mmoja juu.

Baada ya hapo tunauliza maswali yaleyale siku zote: walionyesha au walitangaza? Mliona nini? Hakuna swali la nani kafanya vizuri. Walitaja foleni, bomba, kitenge, uzito. Mmoja wa Wasyria, kwa Kiingereza chake, alisema maji yalikuwa ya baridi. Nikamuuliza amejuaje. Kwa sababu alipojimwagikia mkononi alikunja vidole.

Mimi sikuwa nimeliona hilo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda Halsted. Treni ya buluu, kituo cha chuo kikuu. Kati ya yale majengo 13 yamebaki mawili: nyumba ya zamani ya Hull, na ukumbi wa kulia chakula. Mengine yalibomolewa miaka ya 1960 kupisha kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois, na sasa yaliyobaki ni makumbusho. Nilisimama nje, wanafunzi wakinipita na vikombe vya kahawa. Mwaka huohuo wa 1963 kitabu cha Viola kilipotoka, Neva Boyd alifariki, akiwa na umri wa miaka 87. Kwenye kijitabu nimeyaweka mambo hayo mawili katika aya moja, bila maelezo.

Jumapili, 9 Machi

Ramadhani. Watoto wakubwa wa Kiislamu wamefunga, kwa hiyo hakuna kukimbia. Nimechagua mchezo wa lugha isiyokuwepo: unazungumza kwa sauti zisizo na maana, na mwenzako lazima akuelewe. Tumeuita Bwabwaja.

Binti Mrohingya aliuza viatu. Aliyenunua ni mjanja wetu wa miaka tisa, ambaye maneno ndiyo silaha yake, na leo silaha imepokonywa. Alihangaika. Alirudia silabi moja kwa sauti kubwa zaidi na zaidi, kama watu wanavyomfanyia mgeni asiyejua lugha. Nikaita: "Mwambie kwa mikono! Uso!" Taratibu alianza kukigeuza kiatu, kukikunja soli, kukinusa. Mwishowe binti alishusha bei. Wote tuliiona bei ikishuka.

Nyumbani nimeandika nilichokiona: watoto hawa kila siku wanaishi upande mmoja wa mchezo huu, shuleni, hospitali, dukani, wakiwa wao ndio wasioeleweka. Leo wote wako sawa. Nadhani hapa ndipo ninapoelewa kwa nini njia hii ilitoka kwa binti wa wahamiaji, katika jiji la wahamiaji, na si katika chuo cha sanaa.

Ijumaa, 14 Machi

Purimu, sikukuu ya Wayahudi. Bibi aliniita barazani saa sita nitazame barabara. Watoto wa Kiyahudi walikuwa wakipita kwa makundi, malkia, wafalme, simba, wazima moto, wakipeleka vikapu vya vyakula nyumba kwa nyumba. Akanieleza kuhusu maigizo ya Purimu, ambayo Wayahudi wa Ulaya wamekuwa wakiyacheza kwa karne nyingi kwa Kiyidi: watu wa kawaida, si waigizaji wa kulipwa, wanaingia majumbani na kuigiza kisa cha Esta, Mordekai na Hamani. Sitaiweka Purimu kijitabuni kama chanzo cha kazi ya Viola. Mwalimu wake ni Boyd, na nyumba yake ni Hull House. Lakini nimeiandika hapa kwa sababu msomaji wa Kiswahili akisikia "maigizo ya Wayahudi" anaweza kudhani ni jambo la kumbi kubwa za New York tu. Kumbe ni mlangoni kwa mtu, na kikapu mkononi.

Jumatano, 19 Machi

Sura ya nne imenitoa jasho, na nimeamua jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda.

Habari za Viola kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwa mwanawe. Paul Sills, aliyezaliwa 1927, alianzisha na David Shepherd kundi la Compass mwaka 1955, kwenye baa karibu na Chuo Kikuu cha Chicago, ambako waigizaji walibuni maigizo kutokana na mapendekezo ya watazamaji. Humo walipita waigizaji Elaine May na Mike Nichols. Nichols mwenyewe alikuwa mtoto Myahudi aliyetolewa Berlin mwaka 1939 akiwa na miaka saba. Desemba 1959 Sills na wenzake wakafungua ukumbi wa vichekesho wa Second City, na kutoka hapo vichekesho vya papo kwa papo vikaenea Marekani na kwingineko. Viola alikuwa mwalimu nyuma ya pazia: aliwafunza wa Compass, akaja kuendesha warsha Second City. Kwa hiyo anaitwa mama wa vichekesho vile, na hadithi inaishia hapo.

Mimi naona kumwita hivyo ni kumpunguza. Kabla ya Compass alikuwa ameshafanya kazi miaka mingi na watoto. Mwaka 1946 alianzisha Young Actors Company huko Hollywood, watoto wa miaka sita na kuendelea, akaliendesha mpaka 1955. Paul Sand, aliyeshinda tuzo ya maigizo ya Tony mwaka 1971, alianzia kwake utotoni. Michezo ile aliisuka na kuisuka upya mbele ya watoto, si mbele ya walevi wa baa. Baada ya umaarufu wote alirudi kulekule: 1965 alifungua na mwanawe Game Theater, ambako hapakuwa na ukuta kati ya mtazamaji na mchezaji, watu walikuja kucheza; na mwaka 1986 kilitoka kitabu chake cha michezo kwa ajili ya darasani. Alikuwa na karibu miaka 80.

Kwa hiyo kijitabuni Second City imepata ukurasa mmoja na nusu. Hollywood ya watoto imepata kurasa sita.

Jumapili, 23 Machi

Mama mmoja wa Fizi, Kivu Kusini, alikuja kutazama mazoezi. Mwishoni aliniuliza, kwa heshima, "Mwalimu, sasa bingwa ni nani?" Nikamjibu kwamba hatuna bingwa. Hakuridhika. "Mtoto asiposifiwa atajuaje kama anaendelea?" Ni swali la haki, na usiku nimelirudia.

Mwezi wa Desemba nilimsifu sana mjanja wetu kwa igizo la mlevi. Wiki iliyofuata walevi walikuwa saba. Kila mmoja alinitazama mimi baada ya kila kituko, kuona kama nimecheka. Hawakuwa wakitazamana tena. Leo hakuna anayenitazama, wanatazama kamba. Jumapili nitamwalika mama yule aingie mchezoni, badala ya kumpa maelezo.

Jumapili, 6 Aprili

Wiki iliyopita hatukukutana, ilikuwa Idi. Leo tumewaonyesha wazazi, watu 30 hivi, viti havikutosha. Hatukuandaa igizo. Tulicheza tu, mbele yao, na nikawaomba wazazi watupe mahali.

Mtu akasema: bombani.

Binti wa Nyarugusu aliinuka. Safari hii foleni ilikuwa na watu sita, wenye lugha tatu, na mjanja wetu alijaribu kuruka zamu akatolewa bila neno, kwa nyonga tu. Binti alikinga, akafunga, akakunja kitenge. Mvulana Mrohingya alimtwisha. Akaanza kutembea kuelekea kwa wazazi, na labda kwa macho yale yote kichwa kiliinama kidogo kulia.

Nilifungua mdomo niite. Sikuwahi. Yule mama wa Fizi alikuwa ameshasimama, mkono mbele, na sauti yake ikajaza ukumbi: "Maji iko namwangika!"

Shingo ikanyooka. Mkono ukapanda, ukaishika ndoo ukingoni. Binti hakumgeukia aliyeita. Aliendelea kutembea, akapita katikati ya viti, na watu wa mstari wa mbele wakavuta miguu yao wasije wakalowa.

Jumapili ijayo hakuna mazoezi: ni Matawi kwa Wakristo, na Pasaka ya Kiyahudi itakuwa imeanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Rasimu iko ukurasa wa 31. Bibi ameomba ile sehemu ya ndoo nimsomee kwa Kiswahili kwanza, kabla ya kumtafsiria.